Siku tatu za kupumzika kutoka Delhi: nenda Rishikesh, ulale ng'ambo ya mto

SWALI: Assalam alaikum kaka. Nipo Delhi tangu mwezi uliopita, nimemleta mama kufanyiwa upasuaji wa moyo. Anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Wiki ijayo mdogo wangu anafika kutoka Tanga kunipokea, na daktari mwenyewe ameniambia nikapumzike hata siku tatu, maana uchovu umeanza kunionekana usoni. Nasikia kuna miji mitakatifu ya Wahindu kando ya Mto Ganga, yenye utulivu. Wengine wananitajia Varanasi, wengine Haridwar, wengine Rishikesh. Niende wapi, nifikeje, nilale wapi? Mimi ni Muislamu, navaa hijabu, nitakuwa peke yangu na fedha si nyingi. Ni mwanzoni mwa Novemba.

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Mpe mama pole nyingi, na wewe pole ya kukesha.

Nenda Rishikesh. Panda treni ya asubuhi Jumatatu, lala huko usiku wa Jumatatu na wa Jumanne, rudi Jumatano. Usiunganishe na mji mwingine. Mawakala wa Delhi watakuuzia kifurushi cha Haridwar, Rishikesh na Mussoorie kwa siku hizo hizo tatu, na utakachorudi umekiona zaidi ni kisogo cha dereva.

Varanasi ni mji mkubwa kwa kila maana, na siku nyingine ningekusukuma uende. Lakini ni karibu kilomita 800 kutoka Delhi. Hata treni ya kasi ya Vande Bharat, iliyoanza safari hizo mwaka 2019, inachukua kama saa nane. Ukitoa kwenda na kurudi, unabaki na siku moja. Halafu kuna jambo ambalo wapanga safari hawamwambii mtu mwenye mgonjwa: moyo wa Varanasi ni kifo. Wahindu wanaamini anayefia pale hutoka katika mzunguko wa kuzaliwa tena na tena, kwa hiyo wazee na wagonjwa hupelekwa huko kungojea siku yao, na kwenye ngazi za Manikarnika maiti huchomwa usiku na mchana mbele ya kila apitaye. Kwa wenyewe ni faraja. Kwa mtu aliyekaa mwezi mzima nje ya mlango wa chumba cha mahututi, naona ni mzigo juu ya mzigo. Varanasi itakungoja.

Haridwar utaipita tu, kwa kuwa treni zinazofaa zinashusha hapo, kilomita kama 25 kabla ya Rishikesh. Ni mji wa mahujaji hasa, kati ya miji minne inayopokezana hija ya Kumbh Mela, na una kitu kimoja kinachonivutia kuliko mahekalu yake: makuhani wa ukoo, wenyewe huwaita panda, wanaotunza madaftari marefu ya nasaba za familia, vizazi kwa vizazi. Familia za Kipunjabi zilizotawanyika duniani, zikiwemo za Nairobi, hurudi Haridwar na majivu ya marehemu wao, na kuhani hufungua daftari akaandika jina jipya chini ya jina la babu.

Lakini kwako wewe Haridwar si pa kulala, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya hijabu. Ngazi kuu za Har Ki Pauri, panapofanyika ibada maarufu ya jioni, zina kanuni za manispaa za tangu enzi ya Waingereza zinazowazuia wasio Wahindu, na kila baada ya muda kanuni hizo hufufuliwa kwa mabango na makelele. Huenda ukapita usiulizwe neno, huenda ukazuiwa mbele za watu. Hukwenda kupumzika ili ukabishane na mlinzi. Ya pili ni ya maji. Yanayopita Har Ki Pauri hayapiti kwenye mkondo mkuu wa mto. Yanaelekezwa kwenye Mfereji wa Ganga uliofunguliwa mwaka 1854 kumwagilia mashamba ya chini. Kila mwaka, kati ya sikukuu za Dussehra na Diwali, mfereji hufungwa ili usafishwe, na maji kwenye ngazi hizo hupungua mpaka watoto wanaokota sarafu kwenye changarawe. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, kwa hiyo safari yako inaweza kugonga siku hizo hizo.

Rishikesh haina tatizo hilo, kwa sababu iko juu ya mfereji. Ndipo Ganga inapotoka milimani na kuingia tambarare, kwenye mwinuko usiofika hata mita 400. Kilomita kama 70 juu yake, mahali paitwapo Devprayag, mito miwili ya barafu, Bhagirathi na Alaknanda, hukutana, na kuanzia hapo ndipo jina la Ganga linaanza. Julai na Agosti mvua za masika yao huleta maji ya tope. Novemba tope limeshatua, mto ni wa kijani, mchana kuna jua la kustahimilika na usiku kuna baridi. Huwezi kuchagua mwezi mzuri zaidi. Nikuongezee kwamba mwanzoni mwa Novemba hewa ya Delhi huwa mbaya mno kwa moshi, na mapafu yako nayo yanahitaji likizo.

Kwa wasomaji wengine wanaopanga miezi mingine: msiende katikati ya Julai hadi mwanzoni mwa Agosti, wakati wa Kanwar Yatra. Mamilioni ya waumini wa Shiva hutembea kwa miguu kuchota maji ya Ganga, barabara kuu hufungiwa magari kwa siku nyingi, na vyumba hakuna. Mei na Juni kuna joto kali na msongamano wa mahujaji wanaopanda milimani kwenye mahekalu ya Kedarnath na Badrinath. Nusu ya kwanza ya Machi kuna tamasha la kimataifa la yoga. Zuri kwa wanaolitaka, ghali kwa wasiolitaka. Desemba na Januari ukungu wa tambarare huchelewesha treni kwa saa nyingi.

Nimesema Jumatatu hadi Jumatano, na hilo usilibadilishe kama unaweza. Rishikesh ni mji wa karibu kwa vijana wa Delhi wenye magari. Kuanzia Ijumaa jioni wanamiminika, madaraja yanajaa, barabara ya bonde inasimama, na vyumba vinapanda bei. Jumapili jioni wanaondoka. Jumatatu mchana mji unashusha pumzi, na wewe ndiyo unafika.

Sasa treni. Ya kwenda nayo ni Dehradun Shatabdi, inayoondoka stesheni ya New Delhi kabla ya saa moja asubuhi na kukufikisha Haridwar kabla ya adhuhuri. Ni viti tupu, hakuna vitanda, ina kiyoyozi na chai. Behewa la kawaida la viti nauli yake kwa kawaida haizidi rupia 1,000. Kuna pia Vande Bharat ya Dehradun, ila inatoka stesheni nyingine kabisa, Anand Vihar, na huondoka jioni. Itakushusha Haridwar usiku, wakati madereva wa bajaji wanajipangia bei wanayotaka. Kwa mwanamke aliye peke yake katika mji asioujua, sishauri. Kurudi, ile ya Vande Bharat hutoka Dehradun asubuhi, ikipitia Haridwar, lakini kwa kawaida Jumatano haisafiri, kwa hiyo uliza treni nyingine ya asubuhi au ya mchana itakayopitia Haridwar siku hiyo. Kabla ya kulipa angalia siku ya safari na jina la stesheni, maana Delhi ina stesheni kubwa kadhaa na teksi kutoka moja hadi nyingine inaweza kula saa nzima.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na wewe una wiki moja, basi usishangae ukiona nafasi zimejaa. Una njia mbili. Ya kwanza ni ofisi ya watalii wa kigeni ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Unakwenda na pasipoti, na baadhi ya treni zina viti vilivyotengwa kwa wageni. Njiani utakutana na watu wastaarabu, wamevaa vizuri, watakaokwambia ofisi imehama, imefungwa, au imeungua, kisha wakupeleke kwenye duka la wakala ng'ambo ya barabara. Ni wapigadebe. Ofisi haikuungua. Pandisha ngazi mpaka uione kwa macho yako. Njia ya pili ni tiketi za dharura, wenyewe huziita Tatkal, zinazofunguliwa saa nne asubuhi siku moja kabla ya safari kwa mabehewa ya kiyoyozi, kwa bei ya juu kidogo. Ukikata mtandaoni na ukapewa herufi WL, uko kwenye orodha ya kusubiri. Ikifika saa ya kupanga mabehewa bado ni WL, tiketi inajifuta na fedha inarudi, na huruhusiwi kupanda. Herufi RAC ni tofauti: hujathibitishiwa nafasi kamili, lakini unapanda.

Ikishindikana yote, kuna mabasi yenye kiyoyozi kutoka stendi kuu ya Kashmere Gate, saa tano au sita kwa barabara. Si mabaya. Ila chagua la mchana, na la serikali kabla ya la binafsi.

Ukishuka Haridwar, usitoke na wa kwanza kukushika begi. Nje ya stesheni kuna kibanda cha teksi na kuna bajaji kubwa za kuchangia, aina wanayoiita Vikram, zinazojaza abiria kama daladala zetu za zamani. Kwa begi na uchovu, chukua teksi au bajaji ya peke yako na mpatane bei kabla ya kukaa. Mwambie dereva jina la daraja, si jina la mji: "Ram Jhula" au "Janki Setu." Ukisema Rishikesh tu, atakushusha sokoni, na hapo utakuwa bado una safari nyingine.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanatafuta hoteli nzuri, wakati wanapaswa kutafuta upande mzuri. Rishikesh ni sehemu nne zilizofuatana kando ya mto. Ya chini ni mji wenyewe: soko, stesheni, honi, pamoja na ngazi za Triveni. Juu yake ni Muni Ki Reti, barabara kuu inapopita. Juu zaidi, kuelekea daraja la Laxman Jhula, ni Tapovan, mtaa wa migahawa, muziki na vijana wanaokodi pikipiki. Daraja lenyewe la zamani, la tangu miaka ya mwisho ya 1920, lilifungwa mwaka 2019 kwa uchakavu. Ya nne iko ng'ambo, upande wa mashariki: Swarg Ashram. Lala hapo. Magari ni machache, njia ni nyembamba, mto uko hatua chache, na karibu kila kitu utakachotaka kiko umbali wa miguu. Unavuka kwa daraja la kuning'inia la Ram Jhula, lililojengwa miaka ya 1980, au la Janki lililofunguliwa mwaka 2020, ambalo ni pana na halitikisiki sana. Kuna pia boti ya kuvusha watu. Bajaji yako itakuacha upande wa pili na utavuka kwa miguu, kwa hiyo begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu. Na usibebe ndizi mkononi darajani. Tumbili wa pale hawaombi.

Malazi ni ya aina mbili: gesti na ashramu. Ashramu ni nyumba ya watawa wa Kihindu na wanafunzi wao, na nyingi hupokea wageni kwa bei ndogo au kwa mchango. Vyumba ni safi na vitupu: kitanda, blanketi, ndoo ya kuogea. Kuna masharti. Lango hufungwa usiku, chakula ni kwa saa, hakuna kelele, na baadhi hutaka mgeni ahudhurie vipindi vyao vya sala na yoga. Watu wema, lakini kwako naona gesti ndogo ni bora. Utataka kuswali chumbani bila kujieleza kwa mtu, na utataka kupokea simu ya hospitali saa sita usiku bila kuvunja kanuni ya mtu. Kibla kutoka pale ni karibu magharibi kabisa. Ukiwa upande wa Swarg Ashram, jua likizama ng'ambo ya mto, umeshaijua.

Kabla ya kulipia chumba, piga simu uulize swali moja: "Mnapokea wageni wa kigeni?" Kwa sheria ya India, mwenye nyumba anayelaza mgeni kutoka nje lazima aitaarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu wanayoiita Form C. Gesti ndogo nyingi hazijajisajili kwa kazi hiyo, na mapokezi atakwambia "chumba kimejaa" huku funguo zikining'inia nyuma yake. Usidhani kila mara ni rangi yako; mara nyingi ni fomu. Beba pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu, pamoja na viza iliyochapishwa. Kama uliingia kwa viza ya msindikizaji wa mgonjwa, viza hiyo imeambatana na ya mama, kwa hiyo liarifu dawati la wagonjwa wa kigeni hospitalini kwamba unatoka mji na lini unarudi. Dakika tano tu, na wakikutafuta watajua uko wapi.

Nije kwenye rangi, kwa kuwa nimeigusa. Watakutazama sana, watakuomba selfi, hasa familia zilizotoka vijijini kuhiji. Wengi wao hawana nia mbaya, lakini huna deni la picha kwa mtu. Sema "nahin" ukitabasamu, endelea kutembea. Mavazi yako hayatakuwa shida hata kidogo. Dera na mtandio vinafanana na wanavyojisitiri wanawake wa pale kuliko suruali fupi za watalii wa Ulaya. Usikubali mwaliko wa kwenda kumwona "guru" nyumbani, wala kukandwa na mwanaume, wala kuongozwa porini na kijana uliyekutana naye kwenye chai. Jioni, baada ya saa tatu, uwe ndani.

Ibada ya jioni, aarti, ndiyo inayowaleta watu wengi. Pale Parmarth Niketan, ashramu iliyoanzishwa mwaka 1942, jua likikaribia kuzama wanafunzi wadogo waliovaa rangi ya machungwa hukaa kwenye ngazi za marumaru mbele ya mto, nyimbo zinaimbwa, na mwishoni taa kubwa za shaba zenye moto huzungushwa kuuelekea mto. Ni bure, na hawamwulizi mtu dini. Unavua viatu, unakaa popote. Kuhusu mipaka ya dini yako, mimi si shehe na sitajifanya. Nitakwambia tu mambo yalivyo ili uamue: unaweza kusimama nyuma kabisa, kwenye njia iliyo juu ya ngazi, ukasikiliza na kutazama kama unavyotazama jambo lolote la wenyeji. Hakuna atakayekulazimisha kuimba. Watapita wanaouza vibakuli vya majani vyenye maua na utambi vya kuelea mtoni, na huenda mtu akanyoosha kidole kukutia alama nyekundu kwenye paji la uso. Viganja viwili vikiunganishwa kifuani, kichwa kikatikiswa kidogo, wanaelewa kuwa umekataa kwa heshima. Ukiona hata hilo halikukai vizuri, nenda kando ya mto kwenye mchanga, mita mia mbili kutoka hapo. Sauti inafika, ibada huioni.

Chakula ndicho kitakachokupa raha ya akili. Ndani ya mipaka ya manispaa nyama, samaki na mayai haviuzwi, wala pombe. Kuhusu mayai watu walifika mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India, na mwaka 2004 ikaamua marufuku ibaki. Kwa hiyo hutauliza habari ya halali kila mlo. Utakula dengu, maharage mazito wanayoyaita rajma kwa wali, chapati zilizojazwa viazi, mtindi, chai ya maziwa na tangawizi. Kula kilichotoka motoni mbele yako. Kachumbari iache, juisi ya barafu iache, maji yawe ya chupa ambayo kifuniko umekivunja mwenyewe. Nakazania hili kuliko ninavyomkazania mtalii wa kawaida, kwa sababu wewe unarudi kumhudumia mtu mwenye kidonda cha upasuaji. Tumbo lililochafuka lako litakuwa tatizo la wodi. Beba pakiti mbili tatu za chumvi ya kuongezea maji mwilini, na ukirudi na kuhara au homa, usiingie kwa mama mpaka umemwambia muuguzi.

Jumanne ni yako yote, na ningependa uifanye kidogo iwezekanavyo. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, tembea kando ya mto kuelekea kusini mpaka mwisho wa Swarg Ashram. Kama dakika ishirini hivi utafika lango la Chaurasi Kutia, ambapo bendi ya Beatles ilikuja Februari 1968 kujifunza kutafakari kwa Maharishi Mahesh Yogi. Ringo Starr alibeba maharage ya makopo kwa ajili ya tumbo lake na akaondoka baada ya siku kumi hivi. Wenzake walibaki zaidi na wakatunga nyimbo nyingi. Baadaye mahali pakaachwa, msitu ukapachukua, na leo pako ndani ya hifadhi ya chui milia ya Rajaji, wazi kwa wageni tangu Desemba 2015. Mgeni wa kigeni hulipa mara kadhaa ya Mhindi. Je, pana thamani ya fedha? Kama hupendi muziki huo, kilichopo ni vibanda vya mawe vyenye umbo la yai, kuta zilizochorwa, na miti mikubwa. Mimi ningelipa kwa ajili ya miti na ukimya. Kwa bajeti yako unaweza kuruka bila kujuta, ukakaa mchangani bure.

Na mchangani hapo, tahadhari ambayo sitaipunguza ukali. Usiingie mtoni. Najua wewe ni wa Tanga, umekua na bahari, na huenda unaogelea. Ndiyo sababu nakuonya zaidi. Maji haya yanatoka kwenye barafu, ni baridi ya kukaza misuli, na mkondo chini ni mkali hata panapoonekana pametulia. Juu yake kuna mabwawa, likiwemo la Tehri kwenye mto Bhagirathi lenye kimo cha mita 260, na maji yakifunguliwa kina hupanda ghafla bila wingu hata moja angani. Watu huzama kila mwaka, wengi wao vijana wanaojua kuogelea. Kunawa miguu kwenye ngazi zenye minyororo ya kushika, sawa. Zaidi ya hapo, hapana.

Watakuuzia pia safari ya kushuka mto kwa boti za mpira kutoka Shivpuri, kilomita kama 16. Novemba ni msimu wake na kampuni zenye leseni zina vifaa. Kwa mtu mwenye usingizi wa mwezi mzima aliokopa, nasema lala. Vilevile kambi za mahema za juu ya bonde: mtandao wa simu huko hukatika, na wewe simu yako haitakiwi kukatika.

Hilo linanileta kwenye jambo la kupanga kabla hujaondoka Delhi, yaani namna ya kurudi haraka. Kubaliana na mdogo wako nyakati mbili za kupiga simu kila siku, ili ukimya wa saa nyingine usikutie hofu. Nunua bando la kutosha. Uwanja wa ndege wa Jolly Grant uko kilomita kama 20 tu kutoka Rishikesh, na ndege ya kwenda Delhi haifikishi saa moja angani. Tafuta ratiba yake leo, uihifadhi kwenye simu, hata kama hutaihitaji. Usiku, njia ni teksi, saa tano mpaka sita, na hiyo iitwe na mwenye gesti, siyo barabarani. Weka pembeni fedha ya teksi hiyo na usiiguse. Noti, dada yangu: maduka mengi yanalipwa kwa simu kwa mfumo wa Kihindi ambao laini yako ya kigeni huenda isiukubali, na mashine za benki za Swarg Ashram ni chache na huishiwa. Toa fedha Delhi.

Begi liwe na sweta na soksi za usiku, ndala za kuvulika haraka, mtandio mzito wa kujifunika treni ikiwa na baridi ya kiyoyozi, tochi, na dawa zako. Nyaraka za mama muachie mdogo wako zote, ubaki na nakala ya ripoti ya upasuaji kwenye simu.

Ya kurudi Jumatano ikate pamoja na ya kwenda, siku hiyo hiyo utakayopanda zile ngazi za ofisi ya stesheni. Kutoka Swarg Ashram ondoka saa mbili nzima kabla ya treni kufika Haridwar, maana kuvuka daraja na begi, kupata bajaji na foleni ya barabara ya Haridwar vyote vina saa yao. Na kama ofisi ya New Delhi itakupa kiti cha kwenda na kukosa cha kurudi, chukua cha kwenda, kisha mwambie mwenye gesti akukatie basi la mchana Jumatatu hiyo hiyo unapofika, si asubuhi ya kuondoka.